Baiskeli Katika Njia ya Ukweni

Mpango wangu wa mazoezi uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kisii. Wiki ya kwanza uliniagiza nitafute barabara tambarare, niendeshe baiskeli kwa saa mbili, na mapigo ya moyo yasipande wala kushuka. Nilitafuta. Katika kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira, sehemu tambarare niliyoiona ilikuwa uwanja wa mpira wa shule moja ya msingi, na hata huo una upande ambao kila timu hupenda kushambulia kuuelekea.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nafundisha katika chuo cha ualimu, na wakati mwingine naandika insha ambazo husomwa na watu wengine wanaoandika insha. Daktari alikuwa ameniambia kwamba presha yangu inaanza kuwa na tabia zake. Nilikuwa na uhuru wa kuchagua kutembea jioni kama watu wengine wenye presha. Badala yake nikajiandikisha kwa triathloni, yaani shindano ambalo unaogelea, kisha unaendesha baiskeli, kisha unakimbia, bila mtu kukupa kiti mahali popote katikati.

Aliyeniingiza humo ni rafiki yangu mmoja wa benki, mtu wa kaunti za ziwa aliyehamishiwa mjini Kisii. Yeye amekulia majini. Aliponipeleka kwenye bwawa la hoteli kunitazama nikiogelea, alisubiri nishike ukingo, kisha akasema, "Mwalimu, unaogelea kama mtu aliyeangusha simu humo ndani."

Kwa hiyo tulikubaliana kwamba siku ya shindano, ziwani nitaokoa maisha yangu tu, na muda nitautafuta kwenye baiskeli. Shindano lilikuwa na kikomo: usipomaliza baiskeli kabla ya saa fulani, unaondolewa, unapandishwa kwenye gari pamoja na baiskeli yako, mkae wote nyuma. Gari hilo niliwahi kuliota.

Mimi ni mtu wa kusoma kwanza. Kabla sijaendesha kilomita kumi nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu urefu wa kiti, idadi ya mizunguko ya miguu kwa dakika, na kwa nini mtu ale ndizi kila baada ya dakika arobaini. Ndizi hazikuwa tatizo. Nilinunua baiskeli ya mitumba yenye tairi nyembamba kama kidole. Nilinunua saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Nilinunua viatu vyenye kibati chini, ambacho hunasa kwenye pedali ili mguu usiteleze, na ukitaka kuutoa sharti usokote kisigino kwenda nje. Mwisho nikanunua kaptula. Ilikuwa nyeusi, ya kubana, imeshonewa sifongo katikati ya miguu, na maelezo yake yalisema wazi kwamba ndani yake hakuvaliwi kitu kingine. Mke wangu aliitazama ikiwa kwenye kamba ya nguo, akauliza ni ya mtoto wa nani.

Kilichobaki ni barabara. Ile ya Keroka ina malori, na lori likikupita karibu linakuvuta kwanza kisha linakusukuma, na katikati ya kuvutwa na kusukumwa unakumbuka dhambi zako. Ile ya Nyamarambe ni nzuri kwenda, kwa sababu unateremka, lakini kurudi ni kupanda mpaka nyumbani. Rafiki yangu alipenda ya Nyamarambe. Mimi niliipenda mara moja tu.

Barabara iliyofaa ilikuwa ya kupitia Nyamira hadi Ikonge. Lami safi, magari ya kiasi, vilima vya kupanda na kushuka kwa zamu, chai kulia na kushoto. Kasoro yake ilikuwa moja. Mama mkwe wangu anakaa Ikonge. Boma lake liko hatua chache kutoka barabarani, na kituo cha kununulia chai, ambako wakulima hupeleka majani kupimwa, kiko barabarani kabisa.

Hapa inabidi nieleze kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima, ni aibu na ni umbali, kwa pamoja. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawataniani, hawazungumzii mambo ya mwili, hawaonani katika hali ya kutojisitiri, na kwa walioshika sana, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Niliwahi kuandika insha ya kurasa nane kuonyesha kwamba mila hii inafifia. Ilichapishwa. Mama mkwe hakuisoma.

Yeye mwenyewe ni Msabato tangu usichana wake, na husema mambo ya kienyeji waliyaacha majini siku ya ubatizo. Yote waliyaacha, isipokuwa hilo moja.

Wakati huo alikuwa anapoteza macho. Ilikuwa mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeshaingia weupe kabisa, na la kulia lilikuwa njiani. Alikuwa akimimina chai pembeni mwa kikombe na kumlaumu aliyeshika kikombe. Alikuwa amewahi kumfungia zizini ndama wa jirani na kumnyima jirani mwenyewe nafasi ya kueleza. Hospitali moja mjini ilikuwa tayari kumpasua. Upasuaji wenyewe ni mfupi, daktari alisema, kazi ni siku zinazofuata: dawa ya matone mara nne kwa siku, kurudi kuangaliwa, asiiname, asikae kwenye moshi, asinyanyue kitu. Siku kumi. Nyumba yetu iko karibu na hospitali hiyo, unaweza kutembea. Ikonge si karibu na kitu chochote cha aina hiyo.

Mke wangu alitumia miaka miwili kumshawishi mama yake alale nyumbani kwetu siku hizo kumi. Alitumia wachungaji, alitumia shangazi, alitumia machozi. Mimi nilitoboa mlango wa pili katika chumba cha wageni ili mama aingie na kutoka bila kupita sebuleni nilipo. Hatimaye mama alikubali. Tukapewa zamu: Jumatatu, wiki tatu mbele. Walituonya kwamba ukikosa zamu unarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe tuliiona kwa macho. Ilipinda kona ya jengo.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku moja.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu vizuri. Jumamosi siendeshi, ni Sabato, na mke wangu hana mzaha na Sabato. Tunaendesha Jumapili. Rafiki yangu ni Mkatoliki, huwahi misa ya kwanza, kisha tunaondoka saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu tunapita Ikonge. Wakatoliki wakati huo wako kanisani, na Wasabato wako ndani kabisa ya mashamba wakichuma, kwa sababu lori la chai huja alasiri. Kituo kinakuwa kitupu. Nilikuwa nimeshapita hapo Jumapili nne na kaptula yangu, na mtu pekee aliyeniona alikuwa mbuzi.

Jumapili ya tano lori lilikuwa limebadilishiwa saa. Tangazo lilitolewa Ijumaa pale kituoni. Mimi Ijumaa nilikuwa chuoni nikifundisha mbinu za kufundisha.

Nilitokea kwenye kona nikiwa mbele, rafiki yangu nyuma kidogo. Wanawake kama ishirini walikuwa wamepanga vikapu, karani wa chai anasimamisha mizani. Kulikuwa na manyunyu. Aliyekuwa karibu zaidi na lami alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu mgongoni, amejifunika gunia la nailoni kichwani, uso hauonekani, na alikuwa amesimama nusu barabarani kama watu wasioona vizuri wanavyosimama.

Mtu aliyelelewa vizuri hampiti mzee hivi hivi, magurudumu yakilia tik tik tik kana kwamba amepita mti. Anasimama, anasalimia. Nilishika breki mbele yake. Nikasema "Bwakire, mama," kwa sauti ya adabu kabisa, nikashusha mguu.

Mguu haukushuka. Kibati kilikuwa kimenasa, na katika kutafuta adabu nilikuwa nimesahau kisigino.

Kuanguka kwa namna hiyo kuna sifa moja, ni kwa polepole. Unapata nafasi ya kutazama. Niliwaona wanawake wakigeuka, nikamwona karani akiacha mizani, nikaona lami ikija. Nilitua kwa ubavu mbele ya miguu ya yule bibi, baiskeli juu yangu, miguu yote miwili bado imeshikwa, magoti yako hewani, na ile sehemu yenye sifongo ikielekea kwenye kikapu.

Bibi alishtuka, akataka kujua ni nini kimeanguka. Na kwa sababu macho yake hayafiki mbali, alisogea. Aliinama. Alisogeza uso mpaka ukawa mbali nami kama urefu wa mkono, akaanza kunitazama kutoka upande wa magoti, taratibu, kwa jicho lile moja, akielekea juu.

"Samahani, mama," nikasema.

Sauti aliijua. Alinyooka kama aliyechomwa, akanipa mgongo, akalivuta gunia mpaka kidevuni. Kisha akazungumza na jirani yake, mama mmoja mnene mchangamfu ambaye shamba lake limepakana na lake.

"Mwambie huyo mtu ajifunike."

"Mkwe wetu," yule jirani akasema, "umesikia? Jifunike."

"Nimenaswa," nikasema.

"Anasema amenaswa."

"Na nini?" mama mkwe akauliza, bado ametupa mgongo.

"Na baiskeli."

Hapo ndipo wale wengine walipoanza. "Baiskeli gani hii haina keria?" mmoja akauliza. "Anabebea wapi ndizi?" Mwingine akajibu, "Wacha keria. Suruali gani hii haina suruali?" Rafiki yangu alifika, akateremka bila shida yoyote, akainama kunifungua miguu mmoja mmoja. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. "Mwalimu," akaninong'oneza, "kwenu mkwe husalimia akiwa amelala?"

Karani, mtu muungwana, aliniazima gunia la chai. Nilirudi mpaka Kisii nikiwa nimelifunga kiunoni. Katika kilima cha mwisho kabla ya Nyamira watoto walinishangilia.

Mke wangu hakucheka. Nilijua ni jambo zito pale aliposhindwa kucheka, kwa sababu huwa hahitaji sababu kubwa kunicheka.

"Lakini jicho lake ni bovu," nikasema. "Sidhani kama aliona."

"Alisogea," akasema. Jirani alikuwa ameshampigia simu.

Jumanne jirani alipiga tena. Mama anasema hataweza kuja mjini. Ng'ombe anakaribia kuzaa, na chai haiwezi kuachwa siku kumi, itakomaa. Alhamisi mke wangu aliomba ruhusa kazini, akaenda Ikonge, akarudi jioni amebeba ndizi na uso mrefu.

"Hajakutaja kabisa," akasema. "Anasema ni ng'ombe."

"Basi ni ng'ombe."

"Mzee. Huyo ng'ombe amekuwepo miaka miwili yote tukimbembeleza mama. Leo ndiyo amekuwa ng'ombe?"

Baba mdogo wa mke wangu, mtu wa zamani, alisema jambo kama hilo lina njia yake. Mkwe apeleke mbuzi, wazee wakae, maneno yasemwe, aibu iondoke. Alipompelekea mama mkwe pendekezo hilo, alijibiwa: "Mimi ni Msabato. Mbuzi wa nini?" Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo. Alikuwa ameacha dawa za mila, na ugonjwa akabaki nao.

Nikajitolea kuandika barua ya kuomba radhi. Kuandika ndiyo kazi ninayoiweza.

"Ataisoma na jicho gani?" mke wangu akauliza.

Siku ziliendelea kupungua. Nikaendelea na mazoezi, sasa ndani ya nyumba, baiskeli nimeifunga kwenye kifaa kinachoinua gurudumu la nyuma ili ukanyage bila kwenda popote. Mpango ulisema dakika tano kwa nguvu zote, dakika tano polepole, mara sita. Nilifanya nikiutazama ule mlango wa pili niliotoboa katika chumba cha wageni. Sitasema nilijilaumu sana. Mtu anayejilaumu huacha kuhesabu mizunguko ya miguu, na mimi nilikuwa nahesabu. Lakini nilijua, kwa namna tulivu ya mtu anayejua bei ya sukari, kwamba bibi mmoja Ikonge angeingia gizani kwa sababu nilitaka kumaliza baiskeli kabla gari lile halijanikuta.

Jumatano ya wiki ya mwisho mke wangu aliingia wakati nikiwa katika zile dakika za nguvu zote. Alisubiri nifike za polepole.

"Nimefikiri," akasema. "Shida si nyumba. Shida ni wewe ndani ya nyumba."

"Nilale hotelini?"

"Hoteli haitamkatia ng'ombe majani." Akakaa kitandani. "Chuo kimefunga. Nenda Ikonge ukae kwake, yeye akae hapa. Utalala kile chumba cha nje alichokuwa akilala kaka yangu, hutaingia nyumba ya mama. Ng'ombe akizaa, jirani yupo. Wewe ukate majani ya ng'ombe na uchume chai. Hamtakutana hata barabarani."

"Umemwuliza?"

"Nimempigia. Aliuliza, 'Anajua kukata majani?' Nikamwambia unajua."

"Sijui."

"Najua hujui."

Nilikumbuka tarehe. Siku kumi kuanzia Jumatatu ile zilikuwa na Jumapili moja ndani yake, na Jumapili hiyo ndiyo ya shindano. Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi yangu. Ukweli ni kwamba nilishusha mguu, nikakumbuka kisigino, nikatoka kwenye baiskeli. Kulikuwa na huzuni kiasi, na chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine ambacho rafiki yangu alikitaja vizuri nilipompigia simu kumweleza. "Mwalimu," akasema, "umeokoka na ziwa."

Jumapili alasiri mke wangu alikwenda kumchukua mama yake kwa gari la kukodi. Mimi niliondoka Kisii kwa baiskeli, nikiwa nimevaa suruali ndefu ya kitambaa niliyoiingiza ndani ya soksi, nguo nyingine mgongoni. Tulipishana mahali karibu na Nyamira. Gari halikusimama. Niliona tu kitambaa cheupe cha kichwa kwenye kiti cha nyuma, kimegeukia upande wa pili.

Jirani alinipokea na sheria zake. Nyasi za ng'ombe zinakatwa asubuhi, zikiwa na umande zinaachwa kwanza zinyauke. Ng'ombe hapigwi, anaambiwa. Chai ni majani mawili na kichipukizi, si matatu, si manne. "Na ile nguo yako, mkwe wetu," akasema, "umeiacha mjini?"

"Nimeiacha."

"Mungu ni mwema."

Jumatatu saa nane mchana mke wangu alipiga simu. Wamemaliza. Haikuchukua hata nusu saa. Jumanne asubuhi wakatoa bandeji, naye akapiga tena, safari hii akiongea polepole.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Alitazama mkono wake. Aliutazama sana. Akasema, 'Kumbe umezeeka hivi.' Halafu tumefika nyumbani akatazama juu, akasema alidhani nyumba yetu ni safi."

Nilikuwa nimekwenda Ikonge na baiskeli nikiwa na nia ya kuendelea kidogo na mazoezi, angalau nisipoteze miguu. Siku ya kwanza niliendesha saa kumi na mbili asubuhi, dakika arobaini, nikarudi nikakuta ng'ombe ananilalamikia kwa sauti ambayo majirani wote waliitafsiri. Sikurudia. Baada ya hapo baiskeli ilifanya kazi moja. Nililaza gunia la majani juu ya kiti na usukani, nikalifunga kwa mpira, nikaisukuma kupanda hadi kituoni. Saa yangu ya mkononi ilihesabu mapigo. Siku ya nne niliitazama nikiwa katikati ya kilima na gunia langu, nikaona namba ileile ambayo mpango ulikuwa ukiniomba tangu wiki ya kwanza, imetulia pale, haipandi wala haishuki.

Kituoni wanawake walishanizoea. Karani alinirudishia sehemu kubwa ya majani yangu ya kwanza. Aliyachambua mbele ya watu, akayaweka pembeni rundo moja. "Mwalimu, hii ni ya ng'ombe," akasema. "Ya chai ni hii." Rundo la pili lingetosha kujaza kofia.

"Anajifunza," jirani akanitetea. "Huyu kwao wanafundisha watu kufundisha."

Jumapili ya shindano nilichuma mpaka saa sita. Ilikuwa siku nzuri, mawingu, upepo kidogo. Saa nane rafiki yangu alituma picha akiwa na medali shingoni, na sauti iliyorekodiwa ikieleza kwamba majini alitoka wa kumi, kwenye baiskeli akapitwa na mwanamke mmoja mwenye umri wa mama yake, na kwamba lile gari la kubeba walioshindwa lilikuwa zuri kuliko tulivyodhani, lina viti. Niliisikiliza mara mbili nikiwa nimesimama katikati ya michai, kisha nikaendelea na mstari wangu. Mgongo uliniuma mahali ambapo vitabu vya baiskeli havikuwahi kupataja.

Ng'ombe alizaa Jumanne ya wiki ya pili. Jirani ndiye aliyemzalisha. Mimi nilishika taa ya simu mchana kweupe, kwa sababu niliambiwa nishike kitu.

Makubaliano yalikuwa kwamba nitaondoka siku ya kumi na moja saa nne, na wao watafika saa sita. Jirani angekuwepo katikati kukabidhi ng'ombe na ndama. Nilikuwa nimeshafunga mfuko. Nilitaka tu kumaliza mstari mmoja wa chai uliobaki, nisije nikaacha kazi nusu, na huo ndio ukawa utimilifu pekee niliouonyesha katika zoezi zima. Wao waliwahi. Barabara haikuwa na magari.

Niliposikia mlango wa gari nilikuwa ndani ya michai, nimevaa aproni ya plastiki ya jirani, kikapu mgongoni. Hapakuwa na pa kwenda isipokuwa chini. Niliinama kidogo, nikaona haisaidii, nikanyooka.

Mama mkwe alisimama mwanzo wa shamba. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali. Aliivua, akaishika mkononi. Mke wangu alikuwa nyuma yake, jirani pembeni. Mama alitazama shamba lake. Macho yake yalipita juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine, yakanifikia, yakanipita bila kusimama, kama inavyotakiwa, yakaendelea hadi mwisho.

Kisha akaingia kwenye mstari wa kwanza. Alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye mchai wa tatu, hakupapasa, akang'oa jani moja pana nililolikosa na kuliinua.

"Hili ni jani la nne," akasema, akiliambia shamba. "Lingengojwa mpaka liwe mti?"

"Nilimwambia mawili," jirani akasema.

"Na pale amechuma chini ya meza. Michai inatakiwa ilingane kama meza. Hapa ni bonde, pale ni kilima." Alikuwa akionyesha kwa kidole, na kila alipoonyesha, palikuwepo bonde au kilima. Alitembea hivyo mpaka nusu ya shamba, ananirekebisha mchai kwa mchai, mimi nikirudi nyuma hatua kwa hatua ili umbali ubaki uleule. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama anacheka.

Mama alifika kwenye mchai mmoja akasimama. Akavaa tena miwani.

"Wamesema la kulia nalo lisikae sana," akasema. Alikuwa ametazama Nyamira. "Wanataka tuchague mwezi."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba swali lilikuwa linakuja, na linakuja kwangu.

"Chuo chenu kinafunga tena lini?"

"Agosti, mama," nikasema.

Akafikiri. Akang'oa jani jingine, akalitupa nje ya mstari.

"Basi waandikie Agosti," akamwambia binti yake, na akaenda kumwona ndama.